Mpiga Chapa Aliyetazama Vidole

Yule mpiga chapa wa Migori amefariki. Habari nilizipata Jumanne asubuhi kwa simu ya binti yake, aliyenieleza kwamba mama yao aliaga dunia kwa utulivu katika hospitali moja ya Homa Bay, akiwa amekula chumvi nyingi, na kwamba mazishi yangefanyika Jumamosi nyumbani kwake upande wa Magunga. Nikampa pole. Kisha akasema, "Mwalimu, kuna jambo moja. Mama ameacha maagizo kwamba programu ya mazishi yake isipigwe chapa na mtu wa haraka." Nikaangua kicheko kabla sijajizuia, nikaona haya, lakini binti naye alikuwa anacheka upande wa pili, na tukacheka pamoja mpaka machozi yakatutoka, ya kicheko na ya yale mengine. Ndivyo alivyokuwa mama huyo. Huwezi kumlilia dakika tano mfululizo bila kukumbuka kitu alichosema ukakatiza kilio. Kwa hiyo mniwie radhi leo nikimwomboleza kwa furaha, maana sijui njia nyingine ya kumwomboleza.

Wengi wenu wasomaji wangu hamkumjua, lakini ikiwa mlihudhuria arusi, harambee au mazishi kati ya Migori mjini na ufuo wa Muhuru Bay katika miaka ya tisini, yamkini mlishika kazi yake mikononi. Alikuwa na chumba kimoja cha kukodi, kati ya kinyozi na duka la vitambaa la bwana mmoja kutoka pwani, na ndani yake mlikuwa na taipu mbili, mashine ya kurudufu ya kuzungushwa kwa mkono, na harufu ya wino iliyokufuata hadi nyumbani. Kompyuta wakati huo tulizisikia tu. Ukitaka nakala hamsini za kitu chochote, alichukua karatasi ya stensili, ile yenye nta, akaiingiza katika taipu bila utepe ili herufi ziikate, kisha akaivika kwenye mashine ya kurudufu na kuanza kuzungusha. Taipu moja ilikuwa na herufi ndogo na nyingine herufi kubwa. Wateja karibu wote walitaka ile ndogo, kwa kuwa ilimeza maneno mengi katika ukurasa mmoja, na yeye aligombana nao karibu kila siku. "Unataka ijae ama unataka isomwe?" ndilo lililokuwa swali lake, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayekupa nafasi ya mwisho.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mpiga chapa mwingine yeyote. Nakala ya kwanza haikuwa ya mteja. Aliibeba hadi mlangoni, akamwita mpita njia wa makamo, mama anayetoka sokoni au mzee anayesubiri kunyolewa, akamwomba asome kidogo. Hakusikiliza sana anachosoma. Aliangalia kidole. Watu wetu waliojifunza kusoma ukubwani husoma kwa kidole, na kidole kikifika mwisho wa mstari lazima kirudi safari nzima kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Kikirudi moja kwa moja, alitabasamu akaenda kuzungusha mashine yake. Kikibabaika, kikarudia mstari ule ule au kikaruka mmoja, aliitupa stensili na kukata nyingine, mistari ikiwa mifupi zaidi na imeachana zaidi. Mteja mwenye haraka alikaa kwenye benchi akikuna kichwa.

Hakuzaliwa na maarifa hayo, na alipenda kusimulia alivyoyapata. Akiwa bado mgeni katika kazi, ukoo mmoja ulimtaka aweke kila kitu katika upande mmoja wa karatasi: ratiba ya mazishi kushoto, maisha ya marehemu kulia. Akatii. Kati ya safu hizo mbili akaacha nafasi ya herufi mbili tu. Siku ya mazishi, mfawidhi wa shughuli, mzee mmoja mstaafu mwenye sauti ya kengele ambaye hakuwa ameitazama karatasi ile hata mara moja, alisimama akaanza kusoma kutoka pembe hii hadi pembe ile kana kwamba ni mstari mmoja. "Saa nne, kwaya kuimba, akaoa mke wa kwanza," akatangaza. Watu wakatazamana. Akaendelea bila kupumua, "Saa tano, chakula na wakwe zake wote, ambao saa sita, kuzikwa wakiwa na furaha tele." Ninyi mnaojua jinsi wakwe wanavyopokewa katika mazishi kwetu, wanavyoingia kwa msafara, wanavyotengewa hema lao na sahani zao, mnaweza kufikiria kilichofuata. Mkwe mmoja mzee aliinuka na bakora yake akapaza sauti, "Sisi tumekuja kuzika! Hatujakuja kuzikwa!" Inasemekana mjane alicheka hapo kwa mara ya kwanza tangu msiba ulipoingia, na hema lote likamfuata. Mpiga chapa wetu alikuwa amekaa nyuma, ameficha uso katika kitenge chake. "Maneno yote yalikuwa sawa, owadwa," aliniambia baadaye, akiniita ndugu yake kwa Kiluo kama alivyowaita wanaume wote. "Hakuna hata moja nilikosea. Niliwanyima tu mahali ya kupita."

Mimi nilimfahamu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima, pale Muhuru Bay. Darasa langu lilikuwa la akina mama kumi na wanne, wauza samaki wote, na tulisomea kanisani asubuhi, omena, wale dagaa wa ziwani, ikishaanikwa na kabla ya kugeuzwa. Kiluo walikwisha kukisoma. Sasa tulikuwa tunahangaika na Kiswahili. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpana wa mwili na wa sauti, ambaye hata wenye mitumbwi walimwogopa. Alikuwa ametangaza ufuoni, mbele ya wanaume, kwamba kabla mwaka haujaisha mama zake wangeweza kusoma barua yoyote ya serikali bila kumwita mtu awasomee. Wanaume walicheka, na tangu hapo kila asubuhi walimuuliza amefika ukurasa gani. Kisha ofisi ya wilaya ikaleta sharti: akina mama wafanye mtihani, na wengi wakishindwa darasa lifungwe. Mimi ningehamishwa tu kwenda kituo kingine. Wao wangerudi ufuoni kujibu swali la ukurasa.

Mtihani niliutunga mwenyewe, na niseme ukweli, nilijiona fundi. Niliandika hadithi ya mzee aliyenunua dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, akakataa kusoma maelezo, akadhani ni sabuni, akaoga yeye. Mwishoni niliweka kichekesho ambacho nilikuwa na hakika kingewavunja mbavu. Baada yake, maswali kumi. Ofisi ilinipa stensili moja tu, nikaenda nayo Migori kwa mpiga chapa. Akaisoma hadithi, akacheka palipostahili, kisha akauliza ni kurasa ngapi. Nikamwambia mmoja, kwa taipu ya herufi ndogo.

"Mwalimu, hii ni ya watu wazima ama ni ya siafu?"

"Stensili ni moja, mama."

"Hata kama. Hadithi na maswali kumi kwa ukurasa moja? Hao mama watapitia wapi?"

"Wanajua kusoma. Wewe piga tu."

Akapiga, midomo ameifunga. Nakala ya kwanza ilipotoka nikamwona anaelekea mlangoni kumtafuta mpita njia, nilimnyang'anya, nikasema sina wakati wa mchezo huo. Hakusema kitu, na mngemjua mngeelewa kwamba hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Siku ya mtihani nilikaa mbele na saa yangu. Nilingoja kicheko. Hakikuja. Nusu saa ilipita, wengine bado wako juu juu ya ukurasa, wengine wanarudia na kurudia, jasho linawatoka asubuhi yote ile. Yule kiongozi akainua mkono. "Japuonj," akasema, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kwa Kiluo, "hii karatasi imejaa kama omena kwa wavu. Naanza hapa, nikirudi napata mstari ingine." Nikamjibu, kwa sauti ambayo bado inaniaibisha, "Jaribu tu, mama. Kusoma ni kusoma." Walifaulu wawili. Nilipoyasoma matokeo, kiongozi aliikunja karatasi yake mara nne, akaiweka mezani kwangu, akasema taratibu, "Basi wanaume walikuwa wanasema ukweli." Nilimwona akitoka akipitia nyuma ya kanisa, asipite ufuoni.

Kesho yake niliandika ripoti kwa mkono. Ilikuwa na sentensi tatu. Wanafunzi wa kituo hiki hawawezi kusoma. Nimejaribu kwa kila njia. Napendekeza darasa lifungwe. Nikaipeleka Migori ipigwe chapa, na nilikuwa na huzuni, lakini ilikuwa ile huzuni ya starehe ya mtu ambaye kosa si lake. Mpiga chapa aliisoma, akaniomba nakala ya ule mtihani, akaitazama, akauliza swali moja.

"Uliangalia vidole?"

"Niliangalia saa."

"Kuja Alhamisi," akasema. "Kazi yako itakuwa tayari."

Alhamisi nilimkuta amefunga chumba, amesimama nje na mwavuli na bahasha kubwa kwapani. Alikuwa anakwenda Muhuru Bay pamoja nami, apende mwalimu asipende. Alikuwa ameupiga mtihani upya kwa taipu ya herufi kubwa, kwa stensili zake mwenyewe, na sasa ulikuwa kurasa nne. "Maneno ni yako yote," akaniambia. "Sijaguza hata moja." Nikamuuliza kuhusu ripoti. "Ripoti pia iko. Hiyo nimepiga vizuri sana."

Akina mama hawakutaka hata kukaa. "Mtihani ingine?" akauliza kiongozi wao, ameshika kiuno. "Ile moja imetutosha." Mpiga chapa akamwendea, wakasalimiana kwa Kiluo kirefu, wakaulizana habari za watoto na za upande wa Magunga, kisha akamwambia, "Mama, hii si ingine. Ni ile ile. Nimeifungulia tu madirisha." Wakakaa. Hadithi ilikuwa peke yake katika ukurasa wa kwanza na wa pili, mistari mifupi, kila aya imeachana na mwenzake, pembeni pamebaki peupe pa kuweka kidole gumba bila kuziba neno. Maswali yalikuwa na kurasa zao, kila moja na mahali pake pa kujibu. Mimi nilikwenda mbele kama kawaida, yeye akasimama nyuma, akiangalia vidole. Safari hii nami niliviangalia. Vilikwenda, vikafika mwisho, vikarudi, vikashuka mstari mmoja, vikaenda tena. Kanisa lilikuwa kimya kabisa.

Kisha mama mmoja wa pembeni, mwenye kasi kuliko wote, akatoa sauti ya kikohozi. Haikuwa kikohozi. Alikuwa amefika pale mzee anapotoka kuoga, na hadithi inaposema kwamba tangu siku hiyo kupe hawakumsogelea tena, wala mkewe. Akaziba mdomo. Wa pili akafika, akapiga paja. Wa tatu na wa nne wakafika karibu pamoja, "Wololo!" wakalia, na kicheko kikaenda kinazunguka kanisa, benchi kwa benchi, kila mmoja akicheka pale macho yake yalipofika, wala si kwa sababu jirani amecheka. Waliobaki nyuma walipiga kelele waliotangulia wanyamaze wasiwaharibie. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, nimesahihisha mitihani isiyo na hesabu, na sijawahi kupata kipimo cha ufahamu kilicho wazi kama kile. Walifaulu kumi na watatu. Wa kumi na nne alikuwa amekuja bila miwani, ambayo mumewe alikuwa ameenda nayo ziwani, na alifaulu wiki iliyofuata mume aliporudi.

Nisimame hapa kidogo, kwa maana nina hasira ninayotaka kuitua. Tunapenda kulalamika kwamba watu wetu hawasomi. Nasikia hivyo kwenye mikutano, nasikia redioni, na mimi mwenyewe nimekwisha kuyaandika katika safu hii. Lakini chukueni karatasi ile inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, muifungue, halafu mniambie imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa gani. Tazameni matangazo yaliyobandikwa kwenye kuta za ofisi zetu, mistari thelathini imesongamana chini ya muhuri, na mama amesimama mbele yake akisubiri apite mtu wa shule amwambie limesema nini. Tazameni fomu ambayo swali liko huku na mstari wa kujibia uko kule. Mtu akishindwa hapo tunasema hakusoma. Hatusemi kwamba alizuiwa mlangoni. Na kabla hamjaniandikia, najua, aya zangu nami ni ndefu. Marehemu alikwisha kuniambia. Kila nilipomtembelea alinionyesha gazeti na kusema safu yangu ni nyumba nzuri isiyo na mlango, na mimi kila mara niliahidi kubadilika.

Narudi kanisani. Akina mama walikuwa bado wanapongezana, wengine wameshainuka wanataka kwenda kugeuza omena, mpiga chapa alipotoa karatasi ya mwisho katika bahasha yake na kumkabidhi kiongozi. "Na hii pia ni yenu," akasema. Nilipoona ni nini niliruka kutoka mezani, lakini nilichelewa. Ilikuwa ripoti yangu. Alikuwa ameipiga kwa herufi kubwa, sentensi tatu katika ukurasa mzima, kila moja peke yake, kukiwa na nafasi tele kati yake na mwenzake. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuisoma. Kiongozi akaweka kidole.

"Wa-na-fu-nzi wa ki-tu-o hiki," akasoma kwa sauti, "ha-wa-we-zi ku-so-ma."

Kidole kikasimama. Alirudi mwanzo akaisoma upya, safari hii bila kuikata vipande, kisha akashuka hadi ya pili, akashuka hadi ya tatu, na kidole hakikupotea hata mara moja. Akainua macho.

"Japuonj, hii ni sisi?"

Nikainamisha kichwa.

"Ilikuwa inaenda kwa nani?"

"Kwa mkubwa wa ofisi."

"Na sisi hatungeiona?"

"Haikuwa... haikuandikwa kwa ajili yenu, mama."

"Ndiyo sababu nimeipiga kubwa," akasema mpiga chapa kutoka nyuma, bila kucheka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama alinitazama, kisha akaitazama ile karatasi mkononi mwake, na nikaona mabega yake yameanza kutikisika. "Hatuwezi kusoma," akasema, akiinua karatasi juu ili wenzake waione, "na nimeisoma mpaka mwisho!" Kanisa likalipuka. Vigelegele vilipigwa, mtu akaanza wimbo, mwingine akanishika mkono akacheza nami kana kwamba mimi ndimi niliyefaulu. Kiongozi akanirudisha mezani kwangu, akanipa kalamu, akaiweka ripoti ya kwanza kando. "Andika ingine," akaniambia. "Na uandike tukiona."

Nikaandika. Walisimama nyuma yangu wote, wakisoma kila neno lilipotua. Nilipoandika kwamba wamejitahidi, sauti ikasema, "Hiyo ondoa. Sema tumefaulu." Nilipoandika kwamba mtihani wa kwanza ulikuwa na matatizo ya uchapaji, mpiga chapa alikohoa, nikafuta, nikaandika kwamba mwalimu aliubana mtihani katika ukurasa mmoja ingawa alishauriwa asifanye hivyo. Kisha kiongozi akaichukua karatasi hiyo ikiwa bado na unyevu wa wino, akatoka nayo, akapita katikati ya ufuo, na kuwasomea wanaume waliokuwa wanashona nyavu, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, akiwaangalia kila alipofika kwenye nukta. Darasa halikufungwa.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii nilidhani inahusu ukubwa wa herufi, na kweli inahusu, wala sitamnyang'anya marehemu ufundi wake. Lakini yeye aliona mbali zaidi kuliko mimi. Alijua kwamba anayepanga ukurasa anaamua nani ataingia na nani atabaki nje, na kwamba sisi waandishi hujiachia tukijua tunayemwandika hatatusoma. Ile ripoti ya kwanza niliiandika kwa dakika tano. Ya pili, akina mama wakinisoma begani, ilinichukua saa nzima, na ndilo andiko langu la kwanza ambalo halikuwa na uongo hata mmoja.